Sifuri ya MEM si Hitilafu

Mwaka 2000 Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri ilifunguliwa Wawi, Chake Chake, katika kisiwa cha Pemba, ambacho tayari kilijulikana kwa tafiti za minyoo miongoni mwa watoto wa skuli. Zama hizo watafiti wa afya wa nchi nyingi waliingiza takwimu zao katika Epi Info, programu ya bure ya CDC ya Marekani. Toleo la 6, la mwaka 1994, lilitumia MS-DOS, mfumo wa kuandika amri kwa kibodi.

Leo mtu akiwasha mashine ya wakati ule ili aokoe takwimu, huandika MEM, amri ya kuonyesha hali ya kumbukumbu. Kompyuta ina megabaiti 4, lakini MS-DOS 5 inasema kumbukumbu ya ziada iliyobaki ni sifuri. Ni rahisi kudhani chipu zimeungua.

Hazijaungua.

Prosesa ya IBM PC ya 1981 ilifikia megabaiti 1 tu: kilobaiti 640 za programu, na 384 za kioo na BIOS, programu ya msingi iliyo ndani ya kompyuta. Kumbukumbu ya ziada ni ile iliyo juu ya megabaiti hiyo, na msimamizi wake ni HIMEM.SYS. Kompyuta ikiwaka, HIMEM huishika yote, kisha huigawia programu kwa utaratibu uitwao XMS. Sifuri ni ya kumbukumbu isiyoshikwa na yeyote. Akiba halisi imeandikwa kwenye mstari wa XMS.

Mstari huo usipoonekana, faili ya mipangilio ya CONFIG.SYS ndiyo ya kukaguliwa. HIMEM.SYS itajwe kwa njia sahihi ya faili, tena kabla ya EMM386, msimamizi mwingine wa kumbukumbu. Kiasi kikiwa kidogo mno, SMARTDRV (akiba ya diski) au RAMDRIVE (diski ndani ya kumbukumbu) huenda imechukua sehemu.

Mashine yenye zaidi ya megabaiti 64 ina kisa kingine. Njia ya zamani ya kuiuliza BIOS hurudisha namba isiyozidi kilobaiti 65,535, hivyo HIMEM ya MS-DOS 6.22 huishia hapo. FreeDOS, mradi ulioanzishwa na Jim Hall mwaka 1994, ina HIMEMX inayouliza kwa njia mpya na kuona zaidi.

Kabla ya kuhariri chochote, faili za .REC za Epi Info zinakiliwe kwanza. Zimehifadhiwa kama maandishi ya kawaida, na programu ya takwimu ya R huzisoma kwenye kompyuta za leo.