Mara Mbili katika Kumi: Msimu wa 1971 wa Timu ya Chuo Kikuu cha Marshall

Mpenzi wa kandanda akiambiwa kwamba timu fulani ilishinda mara mbili na kushindwa mara nane, yamkini atauliza kama kocha wake angali na kazi. Hata hivyo, katika mji wa Huntington, jimbo la West Virginia nchini Marekani, msimu wenye matokeo hayo unaenziwa kama misimu iliyoleta vikombe, pengine kuvizidi. Makala hii inanuia kufafanua sababu yake. Ufafanuzi wenyewe umejengeka juu ya kanuni moja ya michezo ya vyuo ambayo, kwa mtazamo wa haraka, ni jambo dogo la kiofisi.

Ieleweke kwanza kwamba mchezo tunaouzungumzia si soka. Wamarekani wanapotaja mpira wa miguu, wao humaanisha mchezo ulio binamu wa raga: mpira wenye ncha mbili, unaobebwa mikononi na kurushwa mbele, kila timu ikiwa na wachezaji 11 uwanjani. Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani huleta alama 6. Teke la ziada linalofuata, likipita kati ya milingoti, huongeza moja. Nalo teke la kulenga milingoti mchezo ukiendelea huleta alama 3. Istilahi za Kiswahili za mchezo huu bado hazijakomaa (hapo pana kazi kwa wanaistilahi wetu), hivyo tutatumia maelezo badala ya majina. Timu ya chuo hucheza takriban mara moja kwa wiki, kuanzia Septemba hadi Novemba. Miaka hiyo msimu ulikuwa na mechi kumi au kumi na moja tu, kwa hivyo kila mechi ilikuwa na uzito wake.

Sasa tuitazame ile kanuni. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, chama cha NCAA, kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, hakikuwaruhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuichezea timu kuu ya chuo katika mchezo huu. Wao walikuwa na timu yao ndogo, na timu kuu iliposafiri wao walibaki. Bila shaka kijana mwenye kipaji na haraka ya kujulikana aliiona kanuni hiyo kuwa kero.

Mnamo tarehe 14 Novemba 1970, timu kuu ya Marshall ilicheza ugenini dhidi ya East Carolina ikashindwa kwa alama 17 dhidi ya 14. Jioni hiyo, katika mvua na ukungu, ndege iliyokuwa ikiwarejesha nyumbani iligonga kilima kilichokuwa karibu na uwanja wa ndege ikateketea. Abiria na wahudumu wote 75 waliaga dunia. Miongoni mwao walikuwa wachezaji 37, kocha mkuu Rick Tolley pamoja na wasaidizi wake kadhaa, na wakazi wa mji waliokuwa wameandamana na timu. Wachezaji sita ambao miili yao haikuweza kutambuliwa walizikwa pamoja katika makaburi ya Spring Hill, Huntington.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuwamo ndani ya ndege ile. Kanuni ndiyo iliyowabakisha.

Swali lililofuata lilikuwa kama chuo kiendelee kuwa na timu. Wapo walioona kwamba heshima kwa wafu ilitaka mchezo usitishwe, na hoja yao haikuwa dhaifu. Wengine, akiwemo Nate Ruffin, mchezaji ambaye hakusafiri kwa sababu ya jeraha, walisisitiza kwamba timu iendelee. Msimamo wa akina Ruffin ndio uliotawala, na mwaka 1971 Jack Lengyel, aliyekuwa kocha katika chuo cha Wooster jimboni Ohio, akaajiriwa. Alikuta wachezaji wachache mno wa timu kuu na wale vijana wa mwaka wa kwanza wa jana, ambao sasa walikuwa wa mwaka wa pili. Hawakutosha. Ndipo chuo kikaomba kilegezewe kanuni ile ile, ili wanafunzi wapya wacheze mara moja. NCAA ikakubali, na mwaka 1972 ikawaruhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa vyuo vyote kuchezea timu kuu katika mchezo huu.

Mechi ya kwanza, dhidi ya Morehead State, walishindwa kwa 29 dhidi ya 6. Ya pili ilichezwa nyumbani tarehe 25 Septemba 1971 dhidi ya Xavier. Sekunde za mwisho zikiyoyoma, Marshall walikuwa nyuma kwa alama 9 dhidi ya 13. Reggie Oliver, mmoja wa wale waliobakishwa na kanuni mwaka uliotangulia, akamrushia mpira Terry Gardner, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeruhusiwa kucheza kwa sababu kanuni ililegezwa. Gardner akaingia nao eneo la mwisho saa ya mchezo ikiwa imekwisha. Matokeo yakawa 15 dhidi ya 13.

Filamu iliyotolewa mwaka 2006 kuhusu timu hii inakoma karibu na hapo, na kwa msanii huo ni uamuzi unaoeleweka. Msimu wenyewe haukukoma. Mechi iliyofuata, Miami ya Ohio iliwacharaza kwa 66 dhidi ya 6. Walishinda tena mara moja tu, dhidi ya Bowling Green, kwa 12 dhidi ya 10. Kwa maoni yangu, vipigo hivyo ndivyo vinavyofaa kusimuliwa zaidi, kwa kuwa kila wiki vijana hao walipanda tena basi au ndege wakijua kwamba huenda wakashindwa. Marshall haikupata msimu wenye ushindi mwingi kuliko vipigo hadi mwaka 1984.

Red Dawson, kocha msaidizi aliyenusurika kwa kuwa alisafiri kwa gari usiku ule, aliimaliza kazi ya msimu wa 1971. Baada ya hapo aliuacha ukocha.