KUIWASHA KOMPYUTA ILIYO MBALI

Wengi wetu tumekwisha kuiona kompyuta, shuleni au ofisini. Tunajua kwamba mtu huiwasha kwa kubonyeza kitufe chake. Lakini ziko kompyuta zinazowashwa na mtu aliyekaa chumba kingine, hata jengo la pili. Je, jambo hili linawezekanaje? Si uchawi. Tulieleze.

IMELALA, HAIKUFA

Kompyuta ikizimwa, lakini waya wake wa umeme ukabaki ukutani, umeme kidogo sana huendelea kuingia. Ndani yake kuna kadi ya mtandao. Kadi hii hupokea waya unaounganisha kompyuta za ofisi ili zipelekeane habari. Basi kompyuta imelala, lakini kadi iko macho. Hiyo ndiyo sikio lake.

HUITWA KWA NAMBA

Kila kadi hupewa namba yake kiwandani. Namba hiyo ina alama 12. Alama hizo ni tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F.

Anayetaka kuiamsha kompyuta hukaa kwenye kompyuta nyingine ya mtandao ule ule. Hutuma ujumbe mfupi. Kwanza ujumbe hupiga hodi: herufi F mara 12. Kisha hutaja namba ya kadi mara 16 mfululizo.

Ni kama mtu aliyesimama uani usiku akaita, "Mama Asha!" Nyumba nzima inasikia, lakini anayeamka ni Mama Asha peke yake. Kompyuta nyingine hunyamaza. Yenye namba hiyo huwaka.

Makampuni mawili ya Marekani, AMD na Hewlett-Packard, yalitoa ujumbe huu mwaka 1995. Faida yake ni kubwa. Fundi mmoja huweza kuziwasha kompyuta nyingi usiku, akazitengeneza, bila kuzunguka vyumba vyote. Wala hakuna haja ya kuziacha zikiwaka usiku kucha na kula umeme.

YALIYOTUPATA

Siku moja tulihitaji orodha ya wanakisomo waliofaulu. Orodha ilikuwa katika kompyuta ya jengo la pili, na mwenye ufunguo alikuwa safarini. Tukaiita kompyuta ile. Kimya. Tukaita tena. Kimya. Tukamlaumu fundi bure. Kumbe mtunza chumba, kwa nia njema, alikuwa amezima swichi ya ukutani! Sikio halikuwa na umeme. Gari likaondoka bila orodha, na wenzetu wakangoja vyeti vyao juma zima.

TUKUMBUKE

1. Fundi lazima airuhusu kwanza kompyuta kuamshwa hivi. Pasipo ruhusa hiyo, haitaamka.

2. Anayeita hapati jibu. Asubiri kidogo, kisha atazame kama kompyuta imeonekana mtandaoni.

3. Tukitaka kuiita kompyuta, tusizime swichi ya ukutani. Lakini radi zikianza, tuchomoe waya wa umeme na wa mtandao. Afadhali kutembea kuliko kuunguza mashine.

4. Kompyuta haiulizi ni nani anayeiamsha. Kwa hiyo tuiwekee neno la siri. Kuamshwa ni jambo moja, kufunguliwa ni jambo jingine.

Basi, ndugu, kabla ya kugusa swichi ya ofisi, tuulize kwanza: je, kuna mtu atakayeiita mashine hii usiku?