Namba za Ngeli na Hesabu ya Makundi katika Lugha ya R

Tangu W. H. I. Bleek alipotoa sarufi yake linganishi ya lugha za kusini mwa Afrika, katika sehemu mbili za mwaka 1862 na 1869, wataalamu wa lugha za Kibantu wamezoea kuzitaja ngeli za majina kwa namba. Katika Kiswahili, mtu ni wa ngeli ya 1, watu ya 2, mti ya 3, miti ya 4, na kiti ya 7. Namba hizo ni lakabu tu, wala si vipimo. Ngeli ya 8 haiishindi ya 4 kwa ukubwa wala kwa wingi.

Binadamu hulifahamu jambo hilo bila ya kuambiwa, kompyuta hailifahamu. Ikipewa 1 kwa mtu na 7 kwa kiti, kisha ikaulizwa wastani, hujibu 4 bila kusita, kana kwamba mtu na kiti vikichanganywa hupatikana miti. Kosa kama hilo likiingia katika utafiti halitoi kelele; hutoa jedwali safi lenye maana potofu.

Lugha ya R, iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, Nyuzilandi, ina dawa yake. Kwa amri ya factor, mtafiti huiarifu kompyuta kwamba alama hizi ni za makundi. Tangu hapo R hukataa kutafuta wastani wake, na huonya. Bali kuhesabu idadi ya kila kundi kwa amri ya table hukubali.

Hata hivyo, yapo mambo matatu ya kuangaliwa.

La kwanza ni mpangilio. Asipoelekezwa, R huyapanga maandishi kwa alfabeti. Wasemaji waliogawanywa kwa elimu ya msingi, sekondari na chuo watapangwa hivi: chuo, msingi, sekondari. Katika hesabu nyingi za ulinganisho kundi la kwanza ndilo huwa kipimo cha mengine, kwa hiyo wote watalinganishwa na watu wa chuo, hata kama mtafiti hakukusudia. Yampasa autaje mpango mwenyewe. Na ikiwa makundi yana daraja ya kweli, kama haya ya elimu, aseme hivyo pia. Ngeli hazina daraja.

La pili ni kurudisha makundi kuwa namba. Ndani yake R huhifadhi nafasi ya kila kundi katika orodha, si lakabu yake. Ikiwa lakabu 1, 9 na 10 ziliandikwa kama maandishi, hupangwa 1, 10, 9. Anayeamuru moja kwa moja zigeuzwe kuwa namba ataona 9 imekuwa 3, na nyumba imehamia katika ngeli ya mti. Sharti lakabu zirejeshwe kwanza kuwa maandishi, ndipo ziwe namba.

La tatu ni orodha yenyewe. Mtafiti anayelinganisha Kiswahili sanifu na Kikikuyu ataweka ngeli za 12 na 13, ambazo Kikikuyu kinazo katika kana na twana. Jedwali la Kiswahili litaonyesha sifuri hapo, na sifuri hiyo ni habari: ngeli imetafutwa, haikuonekana. Lakini alama isiyomo katika orodha, mathalani 77 iliyoandikwa kwa kukosea badala ya 7, R huifanya kuwa pengo bila ya kuonya, na table, isipoagizwa vingine, haiyahesabu mapengo. Neno hutoweka, na jumla hupungua kimyakimya.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kutafsiri jedwali lolote, yafaa jumla yake ilinganishwe na idadi ya maneno yaliyokusanywa. Zikitofautiana, kasoro itafutwe katika orodha ya makundi kwanza, kabla ya kutafutwa katika lugha.