Je, Wajua? Kaa wa Mlimani na Abiria Wake

Geuza jiwe taratibu katika kijito kinachoteremka Rwenzori kuelekea Maliba, huenda ukamfumania kaa. Hana mfupa hata mmoja, ila amevaa ngome mwili mzima. Akikua hubanwa, maana gamba halikui naye. Hulivua lote, hata la vikonyo vya macho, akajificha angali laini mpaka jipya ligande. Meno ya kusagia chakula yamo tumboni. Damu yake hubeba hewa kwa shaba, si kwa chuma kama yetu, ndiyo maana ina rangi ya buluu.

Kaa mmoja wa magharibi mwa Uganda anaitwa kisayansi Potamonautes aloysiisabaudiae, kwa heshima ya Luigi Amedeo wa Savoia, mwanamfalme wa Italia aliyekwea kilele cha Margherita, huko huko Rwenzori, mwaka 1906. Kaa mwenyewe hana habari.

Je, wajua kwamba kaa hawa hubeba abiria? Usubi aitwaye Simulium neavei alijulikana zamani kwa kuuma watu, lakini mabuu yake hayakuonekana, si kwenye mawe, si kwenye majani ya mtoni. Mwaka 1950, van Someren na McMahon, watafiti waliokuwa Kenya, walitangaza kwamba wameyakuta yameng'ang'ania magamba ya kaa. Buu halimli mwenyeji wake; huchuja chakula majini tu, na kaa ndiye anayelitembeza. Likigeuka usubi, jike hutafuta damu. Ndiye aliyeeneza upofu wa mtoni kule Itwara, upande wa Fort Portal. Chanzo cha upofu huo ni mnyoo ambao usubi huubeba: jike lake hufikia nusu mita, hujikunja katika kinundu chini ya ngozi, huishi hata zaidi ya miaka 10, na vitoto vyake hufia machoni mwa mtu. Kaa, usubi, mnyoo: mkasa mmoja, na hakuna mwenye uti wa mgongo.

Senene, naye hana uti wa mgongo, husikia kwa miguu ya mbele. Masikio yako chini kidogo ya goti. Anayemnyofoa miguu kabla ya kumkaanga hutupa na masikio.

Wakulima wa kahawa mlimani wanamjua mdudu mweusi anayetoboa matunda, mwenye urefu wa milimita moja na nusu hivi. Kafeini, sumu kwa wadudu wengi, haimsumbui: bakteria wa tumboni mwake huivunjavunja. Jike hutaga ndani ya punje, mabinti hupandana na kaka zao humo humo, kisha huruka kwenda kutoboa tunda jingine. Madume hawawezi kuruka. Huzaliwa, huoa dada na kufa ndani ya kahawa ile ile.