Motaboti za Mahogani: Fahari Iliyojengwa Juu ya Maarifa

Mtu hujivunia chombo chake cha majini kwa mojawapo ya mambo mawili: mwendo au umri. Aghalabu mambo hayo hayakutani, maana chombo chenye mwendo mkali huwa kipya, na kile cha zamani huwa kizito na cha polepole. Hata hivyo, ipo jamii moja ya vyombo iliyoyakutanisha yote mawili, nayo ni motaboti za mahogani zilizoundwa Marekani na Italia, hasa kati ya miaka ya 1920 na miaka ya 1960. Nyingi kati ya zilizosalia zimo mikononi mwa watu binafsi, ambao huzitunza na kuziendesha majira ya joto katika maziwa na mito.

Atazamaye boti hizo kwa mara ya kwanza huvutwa na mng'aro wa vanishi. Lakini mng'aro ni sehemu ndogo sana ya utunzaji wake. Boti ya mbao yenye injini ya petroli ina maadui watatu wasioonekana kwa urahisi: unyevu ulio ndani ya mbao, umeme mdogo unaopita kati ya madini, na mvuke wa petroli ulio chini ya sakafu. Makala hii inaeleza jinsi maadui hao wanavyofanya kazi, na jinsi wenye boti wanavyowazuia.

CHIMBUKO LAKE

Katika mji mdogo wa Algonac, jimbo la Michigan, kando ya Mto St. Clair, aliishi fundi aliyeitwa Christopher Columbus Smith. Mwaka 1922 yeye na wanawe walianzisha kampuni ambayo baadaye ilijulikana ulimwenguni kwa jina la Chris-Craft. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeacha injini nyingi za ndege zisizo na kazi, miongoni mwao zile za Curtiss OX-5. Mafundi wa Algonac walizinunua kwa bei nafuu, wakazigeuza zitumike majini. Hivyo mwananchi wa kawaida mwenye uwezo kiasi akaweza kupata chombo chenye kasi ambayo kabla ya hapo ilikuwa ya wanamashindano tu.

Kwa upande wa mashindano, Gar Wood, aliyewahi kushirikiana na Smith, aliendesha boti yake iitwayo Miss America X katika mto huo huo mwaka 1932, akafikia takriban kilomita 201 kwa saa. Boti hiyo ilikuwa na injini nne za Packard. Nchini Italia, kiwanda cha Riva kilichoko Sarnico, kando ya Ziwa Iseo, kilianza kuunda boti iliyoitwa Aquarama mwaka 1962, nacho kiliendelea nayo hadi mwaka 1996.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuja nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa utomvu wa kemikali. Boti za namna hiyo zilihitaji kazi chache na hazikuoza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Chris-Craft iliacha kabisa kuunda boti za mbao. Ndipo thamani ya zile za zamani ilipoanza kutambuliwa. Mwaka 1975 wapenzi wa boti hizo walianzisha chama chao katika eneo la Ziwa George, jimbo la New York. Chama hicho huzigawa boti kwa umri: zilizoundwa hadi mwaka 1918 huitwa za kihistoria, za 1919 hadi 1942 huitwa za kale, na za 1943 hadi 1975 huitwa za fani bora. Kumbukumbu za Chris-Craft nazo zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la mabaharia huko Newport News, jimbo la Virginia. Mwenye boti akipeleka namba iliyochongwa juu ya chombo chake, aweza kupata nakala ya kadi inayoonyesha iliundwa lini, iliwekewa injini gani na ilipelekwa wapi.

BOTI INAYOPANDA JUU YA MAJI

Ili kuelewa ugumu wa kuzitunza, hatuna budi kwanza kuelewa namna zinavyokwenda. Chombo cha kawaida hupasua maji na kuyasukuma kando, nacho hujitengenezea wimbi mbele na jingine nyuma. Kadiri mwendo unavyozidi, mawimbi hayo hurefuka, mpaka chombo kikajikuta kimenaswa katika bonde lililo kati yake. Kwa boti yenye urefu wa mita 5 na robo majini, kikomo hicho ni karibu kilomita 10 kwa saa.

Motaboti hizi zilivunja kikomo hicho kwa kuwa tumbo lake, hasa upande wa tezi, ni bapa. Injini ikiwa na nguvu ya kutosha, omo huinuka, na maji yanayopigwa na tumbo hilo huisukuma boti juu, hata ikawa inateleza juu ya uso wa maji. Boti ya Chris-Craft ya urefu huo, yenye injini ya silinda sita ya nguvu za farasi 95, ilipita kilomita 50 kwa saa. Lakini kila wimbi dogo hugeuka kuwa nyundo. Mapigo hayo yote hupokewa na mbao za tumbo, na kupitia hizo, na parafujo, mataruma na mkuku. Kwa hiyo boti yaweza kuwa na sitaha inayong'aa kama kioo hali tumbo lake limekwisha.

MBAO NA MAJI

Mbao ni mirija midogo mingi iliyoshikamana. Kuta za mirija hiyo hunyonya maji mpaka unyevu unapofikia karibu asilimia 30 ya uzito wa mbao iliyokauka kabisa. Kati ya ukavu na kiwango hicho mbao huvimba. Zaidi ya hapo maji hujaza matundu tu na mbao haivimbi tena. Uvimbe huo haulingani kila upande. Kwa urefu ni mdogo mno, lakini kwa upana ni mkubwa. Mahogani ya kweli ya Amerika, iitwayo kitaalamu Swietenia macrophylla, hunywea takriban asilimia 4 kwa upande unaofuata pete za mti, na asilimia 3 kwa upande unaokatiza pete hizo. Kwa miti mingine mingi tofauti hiyo ni kubwa zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo ya mahogani kupendwa na waunda boti.

Tuchukue mfano. Ubao wenye upana wa sentimita 12, uliokauka ghalani hadi asilimia 12 ya unyevu, ukirudishwa majini utapanuka kwa karibu milimita 3. Mbao kumi zikikaa sambamba zitataka nafasi ya sentimita 3 ambayo haipo. Hivyo husongana, nyufa hufungika, na boti huacha kuvuja. Ndiyo maana boti ya mbao iliyokaa nchi kavu miezi mingi huvuja inapoteremshwa, na wenye busara huiacha imening'inia katika kamba majini siku moja au zaidi mpaka mbao zishibe. Asiyejua jambo hilo, akaona nyufa wakati wa kiangazi na kuzijaza kwa ngumu isiyobonyea, huleta hasara kubwa: mbao zikivimba hukosa pa kwenda, zikang'oa parafujo au kuvunja mataruma.

Chris-Craft iliunda tumbo la boti zake kwa tabaka mbili za mbao, na katikati ikaweka kitambaa cha turubai kilicholoweshwa kwa dawa ya kuzuia maji. Ufundi huo ulikuwa bora, lakini baada ya miaka mingi dawa hukauka, na tabaka ya ndani hubaki na unyevu usiokwisha. Hapo kuvu hupata makao. Kuvu waozeshao mbao hawastawi penye unyevu ulio chini ya asilimia 20, wala hawawezi kuishi pasipo na hewa. Kwa hiyo mbao iliyozama daima na mbao iliyo kavu daima hudumu. Inayooza ni ile yenye unyevu wa kati, mahali pasipopita upepo. Maji ya mvua yanayotuama ndani ya ngama ni mabaya kuliko maji ya ziwa yaliyo nje.

UMEME KATIKA MADINI

Madini mawili tofauti yakigusana na kutiwa katika maji yenye chumvi huwa betri. Lile lililo dhaifu hutoa elektroni na kuliwa, na lenye nguvu husalimika. Rafadha ya shaba nyeusi, mtaimbo wake wa chuma na parafujo za ngama vyote vimo katika betri hiyo.

Parafujo za shaba nyeupe, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, huumia kwa namna ya hila. Zinki huyeyuka na kutoka, ikabaki shaba nyekundu yenye vitundu kama sifongo. Kwa macho parafujo ingali nzima, ila imegeuka rangi kuwa ya waridi, ukiizungusha hukatika. Mafundi wa leo hutumia shaba nyeusi iliyotiwa silikoni, ambayo haina zinki ya kupoteza.

Kinga nyingine ni kufunga kipande cha madini dhaifu zaidi, ili kiliwe badala ya vingine. Katika maji ya chumvi hutumika zinki, na katika maji baridi magnesi, kwa kuwa zinki huko hujifunika ngozi na kuacha kufanya kazi. Lakini la kuzingatia ni kwamba katika boti ya mbao kinga ikizidi hugeuka madhara. Kandokando ya madini yaliyokingwa kupita kiasi hutokea magadi makali, nayo huilainisha mbao mpaka ikawa kama pamba. Mwenye boti aliyeongeza zinki kwa nia njema huenda akakuta parafujo ni nzima, lakini mbao iliyoishika haipo tena.

MVUKE WA PETROLI

Adui wa tatu ndiye mwepesi kuua. Mvuke wa petroli ni mzito mara tatu au nne kuliko hewa. Katika gari ukivuja huanguka barabarani na kutawanyika. Katika boti huanguka ndani ya ngama na kutulia humo kama maji ndani ya kisima. Unapofikia kiasi cha asilimia 1.4 ya hewa, cheche moja ya stata yatosha kuulipua. Kikombe kimoja cha petroli kikigeuka mvuke chaweza kuifanya hewa ya mita 3 za ujazo iwe ya hatari, na ngama ya boti ndogo haifiki hapo.

Sheria ya Marekani inataka kila injini ya petroli iliyofungwa ndani ya boti baada ya tarehe 25 Aprili 1940 iwe na kizuia miali juu ya kabureta. Tena huagizwa kwamba feni ya kutoa hewa iendeshwe dakika nne kabla ya kuwasha injini. Boti nyingi za kale ziliundwa bila feni, na wako wanaoona kuiongeza ni kuharibu uasilia. Hali kadhalika mipira ya zamani ya kupitishia petroli haikutengenezwa kwa petroli ya siku hizi, ambayo mara nyingi imechanganywa na ethanoli. Ethanoli huidhoofisha mipira hiyo na hunyonya maji.

NINI KIHIFADHIWE?

Hapa ndipo penye mzozo wa kweli miongoni mwa wenye boti. Mafundi wengi leo hubomoa tumbo la zamani na kuunda jipya, wakatia gundi ya polyurethane mahali pa turubai. Tumbo hilo halivuji hata likiteremshwa likiwa kavu. Wengine husema kwamba boti iliyopoteza tumbo, parafujo na injini yake imebaki jina na kadi tu.

Pande zote mbili zina hoja. Alama za randa ya fundi wa mwaka 1940 haziwezi kuundwa upya, na mbao zilizoondolewa hazirudi. Mahogani yenyewe imeadimika, hata tangu mwaka 2003 biashara ya Swietenia macrophylla kati ya mataifa imewekwa chini ya mkataba wa kulinda viumbe walio hatarini. Lakini kwa maoni yetu kuna mpaka ulio wazi. Sitaha, viti, vyombo vya kupimia na injini vyastahili kutunzwa vilivyo hadi mwisho wa uwezo. Tumbo, mipira ya petroli na nyaya za umeme ni vitu vinavyobeba uhai wa abiria. Vikichoka vibadilishwe, na kazi iandikwe ili mrithi ajue kipi ni cha asili na kipi si cha asili. Boti iliyoachwa ghalani kwa heshima hukauka, ikapasuka na kufa. Iliyotengenezwa na kutumiwa huishi.

Kwa mkazi wa pwani yetu mambo haya si mageni. Mafundi wa majahazi wamekuwa wakitia kalafati ya pamba na mafuta katika nyufa, na kupaka tumbo la chombo deheni ya shahamu na chokaa, hali wakijua kwamba mbao zitavimba na kuibana pamba. Hata mkangazi wa misitu yetu, Khaya anthotheca, ni ndugu wa mahogani ya Amerika, na miti ya ukoo wa Khaya imetumika mahali pake. Anayemiliki boti ya mbao yenye injini, iwe Michigan au Mafia, anakabiliwa na kanuni zile zile: akaushe ngama, asichanganye madini ovyo, atoe mvuke kabla ya kuwasha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na majini ufa haumpi mtu muda wa kujenga ukuta.