Mpangilio wa Maneno na Hitilafu za Programu: Mfano wa Usimamizi wa Mashine Pepe

Makala haya yanachunguza aina moja ya hitilafu inayozimisha programu ghafla pindi ujumbe wake unapotafsiriwa kwa Kiswahili, na yanaeleza namna inavyosahihishwa. Kielelezo ni virt-manager, programu huria ya kusimamia mashine pepe iliyoasisiwa katika kampuni ya Red Hat na kuandikwa kwa lugha ya Python. (Mashine pepe, istilahi iliyofuata nyayo za "barua pepe", ni kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta nyingine.)

Tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, utafsiri wa programu umetazamwa zaidi kama suala la istilahi. Sintaksia imepewa nafasi ndogo, ilhali ndiyo inayoweza kuiangusha programu.

Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, fundi wa kompyuta katika kata ya Mlandege, mjini Iringa, mwenye seva moja aliyoigawa kuwa mashine pepe kadhaa, mojawapo ikiitwa Stoo. Programu inapaswa kumwarifu idadi ya diski za mashine hiyo. Katika umilikishi wa aina hii, Kiingereza hutanguliza mmiliki. Kiswahili hutanguliza kinachomilikiwa, kisha kiunganifu -a, ndipo mmiliki:

(1) Diski 3 za mashine Stoo

Ndani ya msimbo ujumbe huo una nafasi mbili tupu: %s, inayojazwa jina, na %d, isiyokubali chochote ila namba. Msimbo, ukifuata Kiingereza, hupeleka jina kwanza na idadi baadaye. Mtafsiri mwaminifu kwa lugha yake ataandika:

(2) Diski %d za mashine %s

Hapo jina "Stoo" hutumbukia katika nafasi ya namba, na Python hutangaza kosa la aina ya data. Kosa hilo likizuka wakati dirisha linaundwa, na pasiwe na msimbo wa kulipokea, programu huishia hapo. Mashine pepe zenyewe huendelea kufanya kazi, kwa kuwa virt-manager huzisimamia kupitia maktaba ya libvirt tu. Kinachopotea ni mkono wa fundi juu yake. Na lau nafasi zote mbili zingekuwa %s, programu isingeanguka bali ingeandika "Diski Stoo za mashine 3". Kosa la namna hiyo ni baya zaidi, maana hakuna anayeliripoti.

Uchunguzi huanza kwa kuiendesha programu kutoka kwenye tamina mara mbili, kwanza kwa mpangilio wa lugha sw_TZ, kisha bila tafsiri. Ikianguka mara ya kwanza tu, faili la tafsiri hushukiwa. Chombo cha msgfmt, kikiendeshwa kwa chaguo la -c, hulinganisha nafasi za ujumbe asilia na za tafsiri, na kingeikataa (2), mradi ujumbe umewekewa alama ya python-format. Bila alama hiyo kosa hupita.

Watayarishaji programu aghalabu humtaka mtafsiri arudishe mpangilio wa asili, yaani "Mashine %s: diski %d". Sentensi hiyo inaeleweka, lakini ni lugha ya simu ya maandishi; ikirudiwa katika mamia ya jumbe, Kiswahili cha kompyuta kitakuwa kivuli cha Kiingereza. Kosa halimo katika tafsiri (2). Limo katika msimbo uliodhani kwamba lugha zote hupanga maneno sawa. Marekebisho stahiki ni kuzipa nafasi majina:

(3) Diski %(idadi)d za mashine %(jina)s

Msimbo nao hupeleka thamani kwa majina badala ya mfuatano, na kila lugha hupanga ipendavyo. Chombo cha xgettext chenyewe huonya kinapokuta katika msimbo wa Python ujumbe wenye nafasi zaidi ya moja zisizo na majina.

Bado lipo suala la upatanisho. Nomino "diski" haibadiliki umbo katika umoja na wingi, ila kiunganifu chake hubadilika: diski 1 ya, diski 3 za. Kwa hiyo ujumbe hauna budi kupitishwa katika ngettext, inayochagua umbo kulingana na idadi.

Marekebisho haya yana gharama. Ujumbe asilia ukibadilika, tafsiri zake katika lugha zote huhesabiwa kuwa hazijathibitishwa hadi zipitiwe upya, na hapo yamkini msimamizi wa mradi akasita kuwasumbua watafsiri wengi kwa ajili ya lugha moja. Anayewasilisha rekebisho hana budi kuambatisha mafaili ya lugha nyingine yakiwa tayari yamebadilishwa majina ya nafasi, kazi ambayo hati fupi ya Python huimaliza kwa dakika chache pale ambapo mfuatano wa asili ulihifadhiwa.