Akili ya Pili ya Mwanariadha: Kazi ya Msaidizi Katika Triathloni Ndefu

Tarehe 18 Februari 1978, wanaume 15 waliingia baharini Waikiki, katika kisiwa cha Oahu huko Hawaii, kuanza shindano lililoonekana la wendawazimu: kuogelea kilomita 3.8, kuendesha baiskeli kilomita 180, kisha kukimbia marathoni nzima, yote siku moja. Vituo vya maji havikuwapo. Kila mshindani alitakiwa kuja na watu wake wa kumlisha na kumnywesha njiani. John Dunbar alikuwa mbele alipoanza kukimbia, lakini maji ya wasaidizi wake yakaisha, nao wakampa bia. Gordon Haller akampita na kushinda kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Dunbar alifika zaidi ya nusu saa baadaye, akiwa wa pili.

Kisa hicho husimuliwa kwa vicheko hadi leo. Hata hivyo, kinagusa jambo ambalo madaktari wa michezo wamelichunguza kwa miaka mingi: katika mashindano ya urefu huu, uamuzi wa mtu aliyesimama kando ya barabara unaweza kumfikisha mwanariadha mwisho, au kumfikisha hospitalini.

Kwanza ni hesabu ya chakula. Misuli na ini kwa pamoja hutunza wanga wa gramu 400 hadi 500, wenye nishati ya kilokalori 2,000 hivi. Triathloni ya Ironman, yaani ya umbali ule wa Hawaii, huchoma mara kadhaa ya kiasi hicho. Mafuta ya mwili yapo tele, ila hayatoi nishati kwa kasi inayotakiwa, kwa hiyo lazima mtu ale huku akienda. Utumbo hupokea kama gramu 60 za glukosi kwa saa. Ikichanganywa na fruktosi, ambayo hupita mlango mwingine wa utumbo, kiasi hicho kinaweza kufika gramu 90. Tatizo ni kwamba damu nyingi iko kwenye misuli na ngozi, tumbo limebakiwa na kidogo, na kichefuchefu hakiko mbali. Ndiyo maana chakula hutolewa kidogo kidogo, mara kwa mara, na kiwe kile kile kilichozoeleka mazoezini. Siku ya shindano si siku ya kuonja kitu kipya.

Shindano la Norseman nchini Norway, lililoanza mwaka 2003, bado linafuata utaratibu ule wa zamani: huwezi kushiriki bila msaidizi wako. Alfajiri wanariadha hujirusha kutoka kwenye feri na kutumbukia katika maji baridi ya ghuba ya Hardanger, kisha huogelea hadi kijiji cha Eidfjord. Kutoka hapo huendesha baiskeli kuvuka nyanda za juu za Hardangervidda, kisha walio mbele hukimbia hadi karibu na kilele cha mlima Gaustatoppen, mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Mlimani msaidizi hupanda pamoja na mtu wake, begi la nguo za joto na chakula likiwa mgongoni.

Ukimwangalia msaidizi hodari akiwa kazini kwenye barabara kama hiyo, utaona kila kitu kimefikiriwa kabla. Anajua vidole vya mwendesha baiskeli vitakuwa na ganzi, hivyo pakiti ya jeli ya sukari imeshachanwa mdomo. Koti liko mkononi, si ndani ya buti la gari. Haulizi, “Unataka nini?” Mtu aliyejitesa kwa saa saba hana nguvu ya kuchagua. Anasema, “Shika hii, kunywa,” halafu anauliza swali dogo: umekula mara ngapi tangu tulipoachana? Jibu lenyewe lina maana, na namna linavyotoka ina maana zaidi. Ulimi mzito, macho yasiyotulia au hasira isiyo na sababu ni dalili za kuangaliwa haraka. Kisha anaandika kwenye daftari saa, chakula na kiasi cha kinywaji. Daftari hilo linaweza kuwa na thamani kubwa kwa daktari jioni ya siku hiyo.

Kosa la hatari zaidi hufanywa na wasaidizi wenye upendo mwingi, nalo ni kumjaza mtu maji. Mwili unapokuwa katika taabu ndefu hutoa homoni inayozuia figo kutoa maji. Mtu akiendelea kunywa kupita kiu yake, damu huzimuka na sodiamu hupungua. Maji huingia ndani ya seli, na ubongo huvimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Huanza na kichwa kuuma na kutapika, kisha kuchanganyikiwa, degedege na kupoteza fahamu. Vinywaji vya michezo havimkingi anayekunywa kupita kiasi, kwa kuwa sodiamu iliyomo ni kidogo sana kuliko ile ya damu.

Daktari Dale Speedy na wenzake walipima damu ya wanariadha 330 waliomaliza Ironman ya New Zealand mwaka 1997. Waliokutwa na upungufu wa sodiamu walikuwa 58, sawa na asilimia 18. Mwaka uliofuata wanariadha walielimishwa, na vituo vya vinywaji vikapunguzwa: kwenye baiskeli vikawa kila kilomita 20 badala ya 12, kwenye mbio kila kilomita 2.5 badala ya 1.8. Waliohitaji matibabu kwa tatizo hilo wakashuka kutoka 25 hadi 4. Maji yaliwekwa mbali zaidi, na watu wakawa salama zaidi. Lakini mwaka 2015 mjini Frankfurt mshindani wa Ironman alifariki kwa upungufu huo huo wa sodiamu. Inauma, kwa sababu kinga yake inajulikana: kunywa kwa kufuata kiu.

Kujinyima nako kuna gharama. Paula Newby-Fraser, mzaliwa wa Zimbabwe aliyetwaa ubingwa wa dunia wa Ironman mara nane, aliruka vituo vya vinywaji mwaka 1995 huko Hawaii akimkimbia Karen Smyers. Alianguka akiwa karibu kabisa na mstari wa mwisho. Smyers akashinda, na Newby-Fraser akamaliza wa nne akitembea.

Dawa za maumivu zisiwemo kwenye begi la msaidizi. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo wengi wetu hununua dukani bila kufikiri, hupunguza damu inayofika kwenye figo ambazo tayari zimeelemewa.

Kuhusu kuanguka, mahali pana maana. Wengi huanguka baada ya kuvuka mstari, kwa sababu misuli ya miguu iliyokuwa ikisukuma damu kurudi kwenye moyo imesimama ghafla. Mtembeze polepole. Akilegea, mlaze na uinue miguu yake, kwa kawaida atarudiwa na nguvu. Anayeanguka kabla ya mstari ni wa kuhofiwa zaidi. Joto la ndani likipita nyuzi 40 naye amechanganyikiwa, hicho ni kiharusi cha joto: apozwe kwanza kwa maji ya barafu papo hapo, safari ya hospitali ifuate.

Maneno nayo yana nguvu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ambamo mwanasayansi Samuele Marcora alishiriki, watu waliofundishwa kujisemesha maneno ya kujitia moyo waliendesha baiskeli kwa muda mrefu zaidi kwa asilimia 18 kabla ya kuishiwa nguvu. Basi kubalianeni mapema maneno yanayomgusa, na umwambie ukweli. “Karibu unafika” zikiwa zimebaki kilomita 15 humvunja moyo.

Afrika Mashariki nayo ina shindano lake. Tangu mwaka 2022 Ironman ya nusu umbali imefanyika Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu: kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli na 21.1 za kukimbia. Kanuni za Ironman za leo haziruhusu ndugu kumpa mshindani hata chupa. Anaweza kuondolewa mashindanoni. Kazi yako basi hufanyika usiku uliotangulia, wakati wa kupanga mifuko na kukubaliana atakula nini na saa ngapi, kisha huendelea kando ya barabara kwa macho na sauti. Ukimwona mtu wako anayumba au anaongea yasiyoeleweka, usimkimbilie na chupa ya maji. Ita wahudumu wa afya, waeleze amekunywa kiasi gani na amemeza nini, na uwaombe wapime sodiamu kabla ya kumtundikia dripu.